Ubao wa vidole wa mlangoni: maswali wanayouliza mara kwa mara wapanda mawe wa Mwanza

Maswali haya nayasikia karibu kila Jumamosi tukiwa kwenye mawe, na majibu ninayotoa nimesimama juani huku mtu anafunga viatu hayatoshi. Mtu anaondoka na nusu ya jibu, anakwenda kutoboa ukuta wa watu. Kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, pamoja na vipimo.

Ubao wa vidole ni kitu gani?

Ni ubao wenye kingo za kina tofauti. Unaning'inia kwa ncha za vidole, unahesabu sekunde, unashuka, unapumzika, unarudia. Hakuna zaidi ya hapo.

Watu wengi wanadhani unajaza misuli kwenye vidole. Vidole havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, na inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita chini ya pete ndogo ngumu zinazozibana kwenye mfupa. Weka mkono mmoja juu ya kigasha cha mwingine, kisha kunja na kukunjua vidole, utahisi kitu kinacheza chini ya ngozi. Ubao unafundisha misuli hiyo, kano na zile pete kwa pamoja. Misuli inajifunza haraka. Kano na pete zinajifunza taratibu mno, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayoumiza watu.

Mwanza imejaa mawe. Ubao wa nini tena?

Mawe ni bora kuliko ubao, hilo sibishani nalo. Lakini mwamba wetu ni matale (graniti), na matale ya hapa yana chembe zinazotokeza kama chumvi ya mawe. Ukipanda kwa muda wa saa mbili, ngozi ya vidole inaisha kabla nguvu haijaisha. Unarudi nyumbani misuli haijachoka, ila huwezi hata kumenya chungwa. Ubao wa mbao uliopigwa msasa vizuri hauli ngozi.

Halafu kuna mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, kuna giza la saa moja jioni ukitoka kazini, na kuna jambo la kipimo. Jiwe halikupi ukingo uleule kila siku. Ubao wenye ukingo wa milimita 20 leo utakuwa na milimita 20 mwezi ujao, kwa hiyo ukiongeza sekunde mbili unajua ni wewe umeongezeka.

Nimeanza kupanda miezi mitatu iliyopita. Nitengeneze?

Tengeneza ukipenda, ila usining'inie kwa vidole bado. Tumia ule ukingo mkubwa wa juu kwa kuvuta mwili na kuzoesha mabega. Mimi nasema mtu awe amepanda kwa kufuatana mwaka mzima angalau, miwili ni bora, ndipo aanze kingo ndogo. Kwa mwaka wa kwanza, miguu na mizani ya mwili vitakupandisha kuliko vidole.

Kwa nini nisiufunge tu kwa skrubu juu ya mlango?

Kwa sababu mimi nilifanya hivyo.

Nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, kule juu ambako nyumba zimebanwa katikati ya mawe. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma, umepigwa plasta nzuri. Nikatoboa matundu sita, nikaingiza plagi za plastiki, nikakaza skrubu, nikauvuta ubao kwa mikono yote miwili haukutikisika. Wiki tano ulishika. Jioni moja, nikiwa kwenye seti ya tatu, niliona vumbi jekundu likishuka usoni, jembamba kama pilipili ya unga, na kabla sijalielewa nilikuwa sakafuni nimekalia mkia wa mgongo, ubao uko kifuani. Mama mwenye nyumba alifika mlangoni akauliza, "Mwanangu, hujavunjika?" Ukuta hakuutazama mpaka nilipoweza kusimama.

Nilipochungulia matundu yale niliona yamepanuka mpaka kidole kinaingia. Tofali la kuchoma ni laini ndani. Kila unaponing'inia, skrubu inavutwa nje kidogo na kusaga tofali kidogo. Huoni kitu mpaka siku inapong'oka. Plasta ndiyo inayodanganya, maana juu ni ngumu na safi. Linta ya zege ni imara zaidi, lakini inahitaji bolti za kupanuka na drili ya nyundo, na ruhusa ya mwenye nyumba, ambaye ana haki ya kukataa.

Tangu siku ile nina kanuni moja: uzito ushuke sakafuni. Skrubu ishike vitu visihame. Isibebe mtu.

Zile bomba za mazoezi zinazopachikwa mlangoni bila skrubu je?

Zimetengenezwa kwa nyumba ambazo mlango una mbao pana ya urembo inayotokeza juu ya fremu. Bomba linakalia mbao hiyo upande mmoja na kusukuma miimo upande wa pili. Nyumba zetu nyingi fremu iko sawasawa na plasta, hakuna cha kukalia. Zile za kukaza kwa kuzungusha zinategemea msuguano tu dhidi ya rangi ya mafuta. Sizishauri kwa mtu anayening'inia kwa ncha za vidole, maana hana nafasi ya kujishika linapoteleza.

Sasa uzito unashukaje sakafuni?

Jibu nililiona kwenye ujenzi. Mafundi wakimwaga zege la juu hawalitundiki popote. Wanalisimamishia mirunda kutoka chini na kuikaza kwa kabari. Mlango wako unaweza kufanyiwa vilevile.

Unahitaji nguzo mbili za mbao ya inchi 2x6, boriti moja ya 2x6, kabari nne, bolti mbili za milimita 10 na mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka. Mpira huo fundi baiskeli atakupa bure ukiomba vizuri.

Pima uwazi wa mlango wako, si wa jirani, na upime juu, katikati na chini, kwa sababu miimo ya nyumba nyingi haiko wima. Tuseme uwazi ni sentimita 82 kwa upana na 205 kwa kimo. Kata nguzo mbili za sentimita 202. Zile tatu zinazobaki ni nafasi ya kabari. Kila nguzo inasimama upana wake ukiwa umelala kwenye mwimo, kwa hiyo inakula sentimita 5 za uwazi kila upande na kwenda ndani ya unene wa ukuta sentimita 15.

Kwenye ncha ya juu ya kila nguzo, upande wa nyuma, chonga pengo la sentimita 5 kwa 15. Boriti ya sentimita 81.5 inakaa humo, imesimama kwa wembamba wake. Usiilaze. Mbao ileile ya 2x6 ikisimamishwa hivyo ni ngumu kupinda mara 9 kuliko ikilazwa. Mbele ya pengo nguzo inabaki na ulimi wa sentimita 10 unaofika juu. Pitisha bolti moja kila upande kutoka kwenye ulimi hadi nyuma ya boriti, na uweke washa, vile visahani vya chuma vya bolti, pande zote mbili. Bolti inazuia boriti isichomoke. Anayebeba ni kitako cha pengo.

Ubao wenye kingo unafungwa mbele ya boriti, kati ya nguzo, urefu wa sentimita 70. Hapa kuna sababu ya kuiweka boriti nyuma: ukifunga ubao mbele yake, vidole vyako vinakaa karibu katikati ya nguzo. Funga uzi wenye nati kwenye ukingo unaotokeza zaidi, uache uning'inie hadi chini. Nati ikiangukia ndani ya ule upana wa sentimita 15 wa mguu wa nguzo, mtambo wako hauwezi kukulalia. Ikitokeza nje, rudi mwanzo.

Mwisho, kata vipande vya mpira, weka kimoja chini ya kila nguzo na kingine chini ya kichwa cha fremu. Ingiza kabari mbilimbili zikikutana juu ya ulimi, gonga kwa nyundo ndogo huku na huku. Zikishaanza kulia sauti ya kubana, acha. Ukiendelea utanyanyua kichwa cha fremu na kupasua plasta, na safari hii utastahili kugombezwa.

Mlango wangu una dirisha dogo la hewa juu yake. Inafaa?

Inafaa, kwa tahadhari. Ile mbao inayotenga mlango na dirisha la hewa imeshikwa na ndimi mbili tu pembeni. Usiutundike ubao juu yake hata kama inaonekana nene. Kabari zako zibane karibu kabisa na miimo, na zibane kidogo kuliko unavyofanya chini ya linta.

Nichague mlango upi?

Usiofungwa. Wengi tuna ule wa sebuleni kwenda koridoni wenye pazia tu. Sakafu ya saruji ni nzuri. Marumaru yanateleza, kwa hiyo usisahau mpira. Kagua pia miguu ya nguzo kila mwezi. Chumba kilicho chini, ukutani kwenye unyevu, mchwa hawachelewi.

Mbao gani?

Nguzo na boriti: mbao yoyote iliyokauka, iliyonyooka, isiyo na fundo kubwa katikati. Paini inatosha.

Kingo za vidole ni habari nyingine. Mninga ndiyo chaguo langu. Ni mgumu, unachongeka, na ukipigwa msasa unakuwa mwororo bila kuteleza. Mkongo unafaa pia, ila ni mzito na unachosha patasi. Huna haja ya kununua mbao nzima. Nenda kwa mafundi wanaotengeneza milango na vitanda, uliza mabaki ya sentimita 70. Vipande hivyo kwao ni kuni.

Usitumie mbao za dawa, zile za kijani zinazouzwa kwa ajili ya kuezekea. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Ukiipiga msasa unavuta vumbi lake, na vidole vyenye ngozi iliyochanika havipaswi kushika mbao hiyo kila siku. Hili naomba ulichukulie kwa uzito. Hata vumbi la mbao safi linawasha kifua, kwa hiyo funga barakoa na ufanyie kazi nje.

Sina mashine ya kuchonga mifereji. Nitapataje kingo?

Usichonge. Bandika. Chukua ubao wa nyuma wenye unene wa milimita 25, kisha pasua vibao vya urefu wa sentimita 70, kimo sentimita 4, na unene tofauti: milimita 35, 25, 20 na 15. Ukikibandika kibao mbele ya ubao, unene wake ndio kina cha ukingo wako. Fundi mwenye msumeno wa meza anapasua vyote kwa dakika chache. Cha milimita 35 kinakaa juu kabisa. Acha nafasi ya kutosha kati ya safu moja na nyingine, vidole viingie bila kugonga safu ya juu.

Tumia gundi ya mbao, kisha skrubu kutoka nyuma, sita kwa kila kibao. Angalia urefu wa skrubu. Ubao wa milimita 25 na kibao cha 15 ni jumla ya 40, kwa hiyo skrubu ya 40 itatokeza mahali penye vidole. Chukua ya 35. Kwa kibao cha 20 pia chukua ya 35, kwa cha 25 ya 45, kwa cha 35 ya 50, na upime kabla ya kukaza. Toboa tundu la kuongoza kwanza, mninga unapasuka ukilazimishwa. Vibao vikishashika ubaoni, kaza ubao mzima kwenye boriti kwa skrubu nane ndefu, ukipitishia kwenye nafasi zilizo kati ya safu.

Kisha kazi yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo watu wanaiharakisha: kuviringisha pembe. Ukingo mkali unakata mzunguko wa damu na kuumiza kiungo cha kwanza. Anza kwa tupa, ifuate msasa namba 80, halafu 120, halafu 180, usiende mbali zaidi maana utateleza. Funga macho, pitisha kidole gumba kutoka ncha moja hadi nyingine. Mahali kinapositasita bado pana kona. Mimi hili linanichukua jioni mbili.

Usipake vanishi wala rangi.

Nitajuaje kama unanibeba?

Kwa madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee. Funga matano kwa kamba kwenye boriti, yote kwa pamoja, yaache usiku kucha. Hizo ni kilo 100. Kama wewe una 65, umepima mara moja na nusu ya uzito wako. Asubuhi angalia pengo la kila nguzo, angalia kabari, angalia kama mstari wa penseli uliochora kati ya boriti na nguzo bado umenyooka. Kisha ning'inia kwa ukingo mkubwa huku miguu ikigusa sakafu. Kabla ya kila zoezi, gonga kabari kwa kiganja. Mbao hukauka na kunywea, na iliyobana Aprili inaweza kulegea Julai.

Mazoezi yenyewe yakoje?

Pasha mwili moto dakika 15: ruka kamba, zungusha mabega, ning'inia ukingo mkubwa mara kadhaa. Halafu ukingo wa milimita 20, sekunde 10, pumzika dakika tatu kamili, rudia mara tano. Mara mbili kwa wiki, na saa 48 angalau katikati. Uteremke ukiwa bado una sekunde mbili tatu mkononi.

Kuna mishiko mitatu ya kujua. Wa kunyoosha, vidole vimekunjwa kidogo tu. Wa nusu, kiungo cha kati kimekunjwa pembe mraba. Na wa kufunga, ambapo dole gumba linakandamiza juu ya kidole cha shahada. Huu wa mwisho unaweka mzigo mkubwa kwenye zile pete za kano. Uache kwa ajili ya mawe. Ubaoni tumia miwili ya kwanza.

Usiregeze mabega yakafika masikioni. Yavute chini kidogo, viwiko vikunjwe kidogo sana, utulie.

Siku zote kuna anayeuliza kwa nini dakika tatu wakati hajachoka. Kaka, dada, ukingo huu si wa kutoa jasho. Unaiambia kano jambo moja, kwa nguvu ileile, mara chache. Kano hailisikii ukiwa unahema.

Siwezi hata sekunde tatu. Nipunguzeje uzito?

Njia rahisi ni kigoda chini, mguu mmoja juu yake. Njia inayopimika ni kapi: ifunge kwenye boriti, pitisha kamba, upande mmoja mkanda wako wa kiunoni, upande wa pili dumu. Lita 10 zinakuondolea karibu kilo 10. Kila wiki mbili punguza lita moja. Nimeona watu wakitoka lita 15 hadi dumu tupu bila kuumwa kidole, na hiyo ndiyo furaha ya kitu hiki. Kumbuka tu kwamba boriti haipunguziwi. Mtu wa kilo 70 na dumu la kilo 10 ni kilo 80 juu ya boriti.

Ukiwa na nguvu za kuongeza, dumu hilohilo linahamia kiunoni.

Navuta nyavu ziwani tangu nikiwa kijana, mikono yangu ni migumu. Mbona ubaoni nadondoka?

Swali hili nililiulizwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba na mzee ambaye kiganja chake ukikishika ni kama gome la mwembe. Kamba ya wavu unaizungushia kiganja kizima. Nguvu inagawanyika kwenye vidole vyote kuanzia mizizi yake, dole gumba linafunga, na kamba yenyewe inakwama kwenye mikunjo. Ukingo wa milimita 20 unashika pingili ya mwisho peke yake, dole gumba halina kazi. Ni pembe nyingine ya kiungo, na mwili unapata nguvu kwenye pembe uliyoizoesha. Kigasha chako tayari ni cha simba. Anza na milimita 35, shuka taratibu, utawapita wengi. Lakini usining'inie siku uliyotoka ziwani. Vidole havijui kama leo ilikuwa wavu au ubao, vinahesabu vyote.

Mwanangu wa miaka 13 anataka kuning'inia na mimi.

Mwambie apande mawe, miti, chochote, kwa miguu na mikono. Ubao usubiri mpaka aache kurefuka. Mifupa ya vidole vya mtoto ina sehemu laini za kukulia karibu na viungo, na kwa vijana wanaopanda sana sehemu hizo zinaweza kuvunjika kwa kuzidiwa mzigo. Akilalamika maumivu kwenye kiungo cha kati cha kidole, msimamishe na umpeleke akapigwe picha. Usimwambie avumilie.

Chaki ya shule inasaidia jasho?

Hapana. Hiyo ni jasi au chokaa, inateleza. Ya wapandaji ni kaboneti ya magnesiamu, ambayo inafyonza unyevu. Ukikosa, nawa mikono kwa sabuni, kausha kwa taulo, washa feni ikupulizie vidole. Sugua kingo kwa mswaki wa zamani kila ukimaliza.

Kidole kimelia "pa".

Shuka. Usijaribu tena "kuona kama bado kinauma". Maumivu upande wa kiganja, chini ya kidole cha kati au cha pete, yakiambatana na sauti hiyo, mara nyingi ni pete ya kano imechanika. Barafu kwanza, kisha daktari. Wiki za kupumzika ni nyingi, nazo ni chache kuliko miezi utakayopoteza ukilazimisha.

Ni kweli Wajerumani ndio walioanzisha?

Unachanganya na ngazi ya vibao ambayo mtu anairuka kwa mikono, miguu ikiwa hewani. Hiyo inahusishwa na mpanda mawe Mjerumani, Wolfgang Güllich, aliyeitumia Nürnberg miaka ya 1980 na kujiandaa nayo kwa njia ya mwambani aliyoipanda mwaka 1991, iitwayo Action Directe, ngumu kuliko zote za wakati ule. Ngazi ile ni ya watu wenye miaka mingi kwenye miamba. Usiijenge mlangoni. Kabari hazikuwekwa kwa mtu anayerukaruka.

Nikihama chumba?

Gonga kabari upande wa ncha nyembamba, zinatoka. Fungua bolti mbili. Nguzo, boriti na ubao vinafungwa pamoja kwa ule mpira wa baiskeli na kupanda bajaji. Ukifika, pima uwazi mpya kabla ya kukata chochote. Nguzo ndefu inapunguzwa, nguzo fupi ongeza kipande cha mbao ngumu chini yake, kisizidi sentimita 5, kifungwe kwa skrubu mbili kisiteleze. Halafu rudia lile zoezi la madumu, hata kama jana ulikuwa ukining'inia kwenye ubao huohuo, kwa sababu sakafu si ileile.